Niliyoyafuta kwenye Kompyuta ya Baba

Kwetu binti haulizi habari za mwili wa baba yake, na baba hamwambii. Nikisema kwetu nina maana ya boma letu, karibu na Luanda Kotieno kando ya Ziwa Viktoria, ingawa najua maboma mengi ya ufuo huu yako hivyo hivyo. Baba akiumwa kichwa, sawa, kichwa kinasemeka. Akiumwa kuanzia kitovuni kwenda chini, habari zilipita kwa mama. Mama ndiye aliyenipigia simu Kisumu, miaka ile, akaniambia tumbo la mzee linamchoma, nitafute dawa. Mimi nafanya kazi kwenye duka la jumla la dawa mjini, upande wa kumbukumbu za stoo, kwa familia ya Kihindi ambayo imekuwa hapo tangu kabla sijazaliwa. Si mfamasia, lakini nyumbani nani atajua tofauti? Nilimweleza mfamasia wetu, akanipa dawa ya vidonda vya tumbo, nikaenda nayo kikapuni chini ya sukari na sabuni. Sikusema kitu. Baba hakusema kitu. Jioni chupa haikuwa kikapuni tena, na mwezi uliofuata mama akaniambia mzee ameanza kula pilipili. Ndivyo tulivyopendana nyumbani kwetu, na sikuwahi kuona kasoro.

Kisha mama akafariki, na hakuna aliyechukua kazi yake. Nilimpigia baba kila Jumapili baada ya kanisa. Tuliongea habari za mbuzi, mvua, na kamati ya maji ambayo yeye ndiye aliyekuwa katibu wake. Alikuwa mwalimu mstaafu, na mwalimu akistaafu kwetu hupewa kalamu ya kila kamati mpaka afe. Nikimuuliza afya, alijibu kwamba wao wapo tu. Mtu mmoja, nyumba nzima tupu, na bado anajibu kwa wingi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari, bosi wetu alibadilisha kompyuta za ofisini, nikamwomba laptopu moja kuukuu. Nilinunua mkoba wake sokoni Kibuye, nikaipeleka kwa baba. Barua za kamati alikuwa akiziandika kwa mkono na kuzituma kaunti kwa mtu yeyote anayesafiri, na nusu yazo hazikufika. Nilimwonyesha namna ya kuandika, kutuma, kusoma magazeti. Alikaa wima kama yuko mbele ya darasa la nane. Ofisi ya kaunti ilikuwa ikitaka barua zije kama PDF, na programu kuukuu ya kuandikia haikuweza kuzitengeneza. Kwa hiyo nikatafuta mtandaoni kitu cha bure cha kugeuza barua kuwa PDF, nikabonyeza jibu la kwanza kabisa lililotokea. Kikaniomba nikubali, nikakubali. Kikaniomba tena, nikakubali tena. Nilikuwa na haraka ya kurudi mjini kabla ya jua kuzama. Sikusoma hata neno moja la yale niliyoyakubali, mimi ambaye kazini nasoma tarehe ya mwisho ya kila katoni.

Kile nilichokubali kinaitwa kiendelezi. Ni programu ndogo inayojibandika kwenye kivinjari, kile chombo tunachofungulia mtandao, na humo humo inafanya kazi yake. Nyingine ni za heri. Hii iligeuza barua kuwa PDF kweli, vizuri tu, na kwa malipo yake ikajichukulia macho ya baba yangu.

Niliporudi nyumbani Pasaka niliyaona matangazo. Kila ukurasa baba aliofungua, hata wa gazeti, hata wa kaunti, ulikuwa na kisanduku upande wa kulia chenye picha ya mzee mwenye meno mazuri kupita kiasi. Mzee, unaamka mara ngapi usiku? Mzee, kiuno chako ni imara? Chini yake chupa ya vidonge na namba ya simu ya kuagiza. Ukiwasha kompyuta tu, kabla hujagusa kitu, tangazo lilijitokeza kwenye kona ya chini kama mgeni aliyelala hapo. Nilicheka. Naandika hili kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilidhani ni matangazo ya nguvu za kiume, yale tunayoyaona yamebandikwa kwenye nguzo za umeme mjini, nikaona yamemkuta mtu asiyehusika. Nikamuuliza baba kama yanamsumbua. Alikuwa ameketi na rafiki yake, mzee jirani wa boma la pili, ambaye walibatizwa naye siku moja na ambaye alikuja kila asubuhi kusomewa habari. Baba aliigeuza laptopu kidogo, kioo kikaelekea ukutani.

"Yaache," akasema. "Hayana ubaya."

Nikayaacha. Niliona aibu yake nikadhani naijua.

Sasa naweza kueleza kilichokuwa kikiendelea, kwa sababu baadaye alinieleza mwenyewe. Baba alikuwa ameanza kukojoa kwa shida. Ilikuwa tezi dume, na ndani ya tezi ilikuwa saratani, ingawa hilo hakuna aliyelijua bado. Hakuwa na mke wa kumwambia. Kaka yangu yuko Nakuru na baba hakupenda kumsumbua. Akaiuliza kompyuta. Lakini mtambo wa kutafuta aliouuliza haukuwa ule tuliouzoea, maana kiendelezi kilikuwa kimeuondoa na kuweka wa kwake; majibu matatu au manne ya kwanza yote yalikuwa ya wauzaji. Kuanzia siku hiyo matangazo yakabadilika, yakawa ya mkojo, ya tezi, ya maumivu ya nyonga. Yalikuwa yanamfuata swali kwa swali. Mtu mwingine angeshtuka. Baba yangu alielewa, au alidhani ameelewa. Laptopu imetoka kwa binti yake. Binti yake anafanya kazi kwenye dawa. Na mle ndani, kwenye menyu ya kivinjari, kulikuwa na mstari mdogo wa Kiingereza uliosema kwamba kivinjari hiki kinasimamiwa na shirika lako. Aliusoma, akajua ni duka letu. Mtoto ameona shida ya baba yake, na kwa kuwa adabu haimruhusu kufungua mdomo, anamwekea dawa pale atakapoiona, chini ya sukari na sabuni.

Aliagiza. Vifurushi vilishushwa kwenye duka la gatini, naye akavificha chumbani kwake, ambako mimi sina ruhusa ya kuingia. Alimeza vidonge hivyo tangu mwezi wa tatu. Hospitali hakwenda, kwa sababu kwa hesabu yake alikuwa tayari anatibiwa, tena na mtu wa damu yake.

Mwezi wa Agosti nilichukua likizo ya siku nne. Laptopu ilikuwa imekuwa nzito, ukurasa mmoja unafunguka baada ya mtu kuchemsha chai. Kamati ilikuwa na barua ya kupeleka, na kila nilipobonyeza mahali, dirisha jipya lilifunguka lenyewe na yule mzee wa meno akatabasamu. Nilikasirika. Hasira yangu inapenda vitu visivyoweza kujibu. Nikaapa siondoki bila kuking'oa kidudu hicho.

Nilibonyeza zile nukta tatu pembeni juu, nikaingia kwenye orodha ya viendelezi. Kilikuwepo, na jina lake zuri la PDF. Kitufe cha kukiondoa kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki, kwa maelezo kwamba shirika ndilo lililokiweka. Shirika gani? Nikampigia fundi wa kompyuta anayetuhudumia kazini. Alinicheka kwanza, ndivyo mafundi walivyo.

"Sasa hiyo si extension peke yake, madam," akasema. "Kuna programu ilikuja nayo. Toa hiyo kwanza, la sivyo utatoa na itarudi, utatoa na itarudi."

Akaniongoza kwa simu hatua kwa hatua. Nilifungua orodha ya programu zote za kompyuta, nikazipanga kwa tarehe, na pale kwenye siku ile ya Januari nikakuta mbili nisizozijua. Nikaziondoa zote mbili. Kisha akanipeleka sehemu ya ndani zaidi, ambako kidudu kilikuwa kimejiandikia amri kana kwamba ndicho mwajiri wa mashine, akanisomea la kufuta, nami nikafuta neno kwa neno nikiogopa kuua kitu cha maana. Nikazima, nikawasha. Ule mstari wa shirika ukawa umetoweka. Kitufe kikabonyezeka. Nikakiondoa kiendelezi, nikarudisha mtambo wa kutafuta wa kawaida, nikarudisha ukurasa wa mwanzo, nikaingia kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa kutuma arifa nikazifunga zote. Nilikuwa natokwa na jasho kama niliyelima.

Fundi akaniambia la mwisho ni kufuta historia na takataka zote za nyuma, tangu mwanzo, ili kisibaki chochote. Ningefuta bila kutazama ingekuwa heri. Lakini nilitaka kujua ni tovuti gani iliyotuletea balaa, nikaifungua historia.

Baba aliandika maswali yake kama alivyoandika barua za kamati, kwa sentensi kamili na alama ya kuuliza. Mzee wa miaka sabini na moja akiona damu kwenye mkojo, inaashiria nini? Mzee asiyeweza kumaliza mkojo anaweza kusaidiwaje? Je, maumivu ya mgongo yanahusiana na tezi? Hakuandika 'mimi' hata mara moja. Aliandika 'mzee', kana kwamba anamuulizia jirani. Kulikuwa na maswali ya Aprili, ya Mei, ya Juni. La damu alikuwa ameliuliza mara nyingi, kwa maneno tofauti kidogo kila mara, kama mwalimu anayetafuta namna ambayo mwanafunzi mjinga ataelewa.

Nilitoka nje nikasimama karibu na zizi la mbuzi. Nilijua nilichokiona. Huwezi kufanya kazi miaka kumi na minne kati ya maboksi ya dawa usijue maana ya damu kwenye mkojo wa mzee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kwa wahenga hatujambo, tunawanukuu mpaka kwenye harusi. Ila hawakusema binti afanye nini akiyakuta maradhi ya baba yake yamelala wazi mbele yake, baba mwenyewe akiwa hatua ishirini, anachambua maharagwe.

Ningeweza kwenda kwake. Hatua ishirini. Ningesema, Baba, twende Kisumu kesho. Hata sababu nisingelazimika kuitaja. Badala yake nikarudi ndani, nikachagua tangu mwanzo, nikabonyeza futa. Nilijiambia ni heshima. Nilijiambia nikiyafuta hatajua kwamba nimeyaona, uso wake utabaki mzima, na mimi nitampitishia kaka habari. Leo naliita kwa jina lake. Ulikuwa woga.

Nilimwita aje aone. Kivinjari kilifunguka haraka, kimya, cheupe. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akasogeza mshale pembeni kulia, pale kisanduku kilipokuwa kikikaa, kisha kwenye kona ya chini. Akafungua menyu, akaipitia polepole mpaka chini.

"Umeondoa yote?" akaniuliza.

"Yote, Baba. Hayatarudi."

Akaifunga menyu. "Haya," akasema. " Asante, nyathina." Mtoto wangu, maana yake. Nikafurahi kwa lile neno, maana hakuwa na mazoea ya kulitumia. Nilirudi Kisumu nalo.

Kaka nilimpigia wiki hiyo. Nikamwambia amuulize mzee kuhusu afya yake. Akauliza kwani mzee ana nini. Na hapo, msomaji, ulimi ulinikwama hata kwa kaka yangu wa tumbo moja, nikasema ni umri tu, amuulize kama mwanaume. Akamuuliza. Baba akajibu kwamba wao wapo tu. Kaka akaniletea jibu hilo, nami nikalipokea kama risiti.

Mwezi wa Novemba mzee jirani alinipigia asubuhi. Baba alikuwa hajakojoa tangu jana yake na alikuwa akilia kwa sauti, jambo ambalo jirani hakuwahi kulisikia katika maisha yao yote. Walimleta Kisumu kwa gari la mwalimu mkuu. Wakamwekea mpira wa mkojo, wakampima damu, wakampiga picha. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, aliniita pembeni akaniambia saratani imeingia kwenye mifupa ya mgongo na ya nyonga. Akaniuliza dalili zilianza lini. Nikasema sijui. Akasema kwa kawaida mzee huwa ameona kitu miezi mingi nyuma, damu labda, hakuwahi kutaja damu? Nikasema hatuongei mambo hayo. Akaandika kitu kwenye faili. Nilitamani anitukane.

Ilikuwa siku ya nne wodini. Kaka alikuwa njiani kutoka Nakuru. Baba alikuwa amepewa dawa ya maumivu na uso wake umelegea, na labda ni dawa hiyo, au ni kuwa mbali na boma, iliyomfungua kinywa. Alianza yeye. Tulikuwa tukiongea Kijaluo.

"Zile dawa zako zilinisaidia mwanzoni," akasema. "Nilikuwa nakushukuru kila asubuhi nikiwasha mashine. Najua haikuwa rahisi kwako."

Sikuelewa. Nikauliza dawa zipi. Akanieleza, akiangalia dari, yale niliyoyaandika hapo juu: kisanduku, shirika langu, vifurushi vya gatini. Alieleza kwa upole, kwa namna ya mtu anayemsifu mtoto kwa kazi nzuri ya shule.

"Ulipokuja Agosti ukayaondoa," akasema, "nikajua umeulizia kwa wakubwa wenu wa dawa, wakakwambia ugonjwa umefika mwisho, hauna dawa tena. Niliona hata maswali yangu umeyafuta. Nikasema, mtoto ameona. Ameona na hawezi kuniambia. Basi nisimsumbue."

"Kwa hiyo ulikaa tu?"

"Ningefanya nini? Ulikuwa umenijibu."

Nilishika chuma cha kitanda. Ningeweza kumwachia hivyo. Alikuwa amebakiwa na siku chache, kumi na tisa kama zilivyokuja kuwa, na alikuwa na binti aliyemtunza kwa siri miezi mitano akamuaga kwa heshima. Ni baba gani hangependa kufa na binti huyo? Nilifungua mdomo nimwambie kwamba tulijaribu, Mungu hakupenda. Uongo ulikuwa umefika kwenye meno.

Lakini alikuwa hajamaliza. Akasema rafiki yake, mzee jirani, ameanza shida hiyo hiyo tangu Septemba. Yeye baba amemgawia chupa mbili zilizobaki, na anazimeza vizuri. Akaniomba nimtumie na yeye, kwa njia ile ile, mzee yule ni mwenye haya.

Hapo nikamwambia. Nilimwambia yale hayakuwa yangu. Kwamba ni wauzaji nisiowajua, waliojibandika kwenye mashine kwa sababu nilibonyeza bila kusoma, na kwamba hata wao hawakumjua, walikuwa wakimsoma tu na kumrudishia alichokiandika. Kwamba vile vidonge sijui ni nini, unga labda. Kwamba Agosti sikuwa najibu kitu, nilikuwa nasafisha kompyuta. Na kwamba maswali yake niliyaona, ndiyo, yote, nikayafuta nikaenda zangu.

Muuguzi alipita na toroli ya dawa. Baba alingoja aondoke.

"Kwa hiyo wewe hukuwa unaniambia chochote," akasema.

"Hapana, Baba."

Alifumba macho. Nilidhani amelala, au hataki kuniona, na angekuwa na haki. Kisha akanyoosha mkono, akaomba simu yangu, akaniambia nimtafutie namba ya jirani. Niliishika karibu na sikio lake kwa sababu mkono wake ulikuwa hauna nguvu. Hakumsalimu kwa kirefu. Alimwambia azitupe zile chupa chooni, zote, na apande gari leo hii aje hospitali, na akifika amwambie daktari ni mkojo, alitaje neno lenyewe, asizunguke. Nilisikia sauti ya mzee yule ikiuliza kitu. Aliuliza kama si dawa za binti.

"Si zake," baba akasema. "Mtoto hakujua kitu."

Nilikuwa nimeishika simu hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumsahihisha.